Kufuli Linalofungwa Ukishalipa

   

Leo tunaongea gemu. Naam, gemu za kompyuta. Wazee wangu, nawaomba msizime redio, waitu. Mkidhani ni habari za watoto, vumilieni kidogo, maana kabla hatujaagana nitakuwa nimewapitisha kwenye kibanja, na hapo ninyi ndio mtakaonisahihisha.

Nina mpwa wangu anakaa na bibi yake, yaani mama yangu mzazi, upande wa Nshamba, Muleba. Amemaliza kidato cha sita, anasubiri majibu, na ana laptopu ya mtumba aliyoachiwa na kaka yake. Siku moja akanipigia simu, sauti imejaa furaha. Duka moja la mtandaoni lilikuwa na ofa: gemu ya mbio za magari iliyouzwa dola 30 imeshushwa hadi dola 3. Punguzo la asilimia 90! Shilingi 7,000 na kitu. Akasema, mjomba, wewe una ile kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, nilipie, nitakuletea ndizi.

Nikalipa. Ijumaa yake akapanda haisi hadi Bukoba, laptopu kaipakata kama mtoto mchanga, kwa sababu kule kijijini mtandao unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na mkeka. Usiku kucha gemu ikashuka kwenye mashine kwa bando langu. Jumamosi akacheza mpaka macho yakawa mekundu. Jumapili akarudi Nshamba.

Jioni ile, chini ya taa ya sola ya bibi yake, akafungua laptopu. Gemu ikawaka, ikacheza muziki wake, kisha ikasimama. Kioo kikaandika: unganisha intaneti ili tuhakikishe kwamba bidhaa hii ni yako. Akatoka nje, akapanda kile kilima nyuma ya migomba, akashika laptopu juu kama anayepunga ndege. Mtandao hakuna. Akanipigia kwa kitochi cha bibi. Akaniuliza swali moja, ambalo ndilo limenileta hapa leo: "Mjomba, wanataka kujua kama ni yangu. Si tulilipa?"

Kilichomzuia kijana kina jina refu la kitaalamu, lakini sisi tukiite kufuli, maana ndivyo kilivyo. Ni kufuli analoweka mtengenezaji ili kazi yake isinakiliwe na mtu asiyeilipia. Halikuanza leo. Zamani kufuli la gemu lilikuwa karatasi. Ulinunua boksi, ndani mna diski na kijitabu. Gemu ikianza inakuuliza: ukurasa wa kumi, mstari wa tano, neno la tatu ni lipi? Aliyenakili diski bila kijitabu alikwama hapo hapo. Gemu ya The Secret of Monkey Island ya mwaka 1990 ilikuja na gurudumu la karatasi lenye nyuso za maharamia. Unalizungusha mpaka uso ulingane na ule wa kwenye kioo, ndipo upate mwaka wa kuandika. Mchezo wa maharamia wa baharini, unaolindwa dhidi ya maharamia wa kunakili!

Baadaye kufuli likaingia ndani ya diski yenyewe. Kisha likapanda intaneti. Mwaka 2004 ilipotoka Half-Life 2, hata aliyekwenda dukani akanunua diski kwa mkono wake alilazimika kuisajili kupitia Steam, huduma ya mtandaoni ya kampuni ya Valve iliyoanza mwaka mmoja kabla. Mwaka 2008 gemu ya Spore ikauzwa kwa sharti kwamba unaweza kuisajili mara 3 tu. Wanunuzi wakapiga kelele, zikawa 5. Mwaka 2010 kampuni ya Ubisoft ikatoa gemu za kompyuta, Assassin's Creed II ikiwemo, zilizodai intaneti muda wote unaocheza. Mtandao ukikatika, mchezo unasimama. Hebu fikiria sharti hilo ukiwa Muleba.

Angalia kufuli lilivyosafiri. Lilianza mkononi mwa mnunuzi, kwenye kijitabu. Likahamia ndani ya diski. Mwisho likahamia kwa muuzaji, ng'ambo ya bahari. Ufunguo haukai tena kwako.

Sasa nivuke upande wa pili, nisije nikaonekana nampigia debe mpwa wangu. Wiki iliyopita niliingia kwenye kibanda cha gemu pale Kashai. Mnavijua vibanda hivi: benchi la mbao, televisheni nne, pedi zilizofungwa mpira wa baiskeli, na vijana wanaotukanana kwa upendo juu ya goli la dakika ya tisini. Mashine ni PlayStation 2. Ilianza kuuzwa mwaka 2000, Sony wakaacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013 baada ya kuuza zaidi ya milioni 150 duniani. Huko ilikotoka imekuwa kumbukumbu. Hapa Kashai inasomesha watoto.

Nikamuuliza mwenye kibanda habari za kufuli. Akacheka. Akasema mashine zake zilifunguliwa na fundi kabla hazijafika Bukoba, diski ni za kuchomwa, na majina ya wachezaji wa msimu huu yamepachikwa juu ya gemu ya miaka mingi iliyopita. Yaani zimechakachuliwa, tena akalitamka neno hilo bila aibu. Akanieleza hesabu yake. Gemu mpya halisi inauzwa dola 60 au 70. Ukibadili, ni zaidi ya shilingi 140,000 kwa gemu moja. "Mwalimu," akaniambia, "mimi natoza mechi moja kwa sarafu. Nani angeonja gemu Bukoba kama tungengoja halisi?"

Pembeni alikuwa amekaa kijana anayeandika programu za simu hapa hapa mjini. Alikuwa kimya, kisha akasema: "Wewe unakula. Fundi aliyefungua mashine alikula. Aliyechoma diski alikula. Aliyetengeneza gemu amekula nini?"

Benchi lote likanyamaza, hata aliyekuwa anapiga penalti.

Swali hilo tumelijibu vibaya siku nyingi, na si kwenye gemu tu. Mwaka 2001 binti yetu Saida Karoli aliimba kwa Kihaya, na Maria Salome ikavuka mipaka ya Kagera, ikachezwa hata na wasiojua maana ya neno moja. Nani kati yetu hakuwa na kanda ile nyumbani? Na nani kati yetu anaweza kuapa kwamba kanda yake haikurekodiwa kutoka kanda ya jirani? Nchi ikatafuta dawa. Tayari tulikuwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayolinda muziki, filamu na hata programu za kompyuta, na tukawa na COSOTA ya kuisimamia. Mwaka 2013 ikaja stempu ya TRA, mamlaka ya mapato, kwenye CD na DVD za muziki na filamu. Kwa hiyo nasi tulikuwa na kufuli letu, la karatasi yenye gundi. Lakini stempu hubandikwa kwenye jalada, na wateja walikuwa wameshaliacha jalada, wako kwenye foleni ya kujaziwa nyimbo kwenye memori kadi. Huwezi kubandika stempu kwenye wimbo ulio ndani ya simu ya mtu.

Je, makufuli ya wenzetu yalifanya kazi kuliko stempu yetu? Mwaka 2008 vijana wawili wa studio iitwayo 2D Boy walitoa gemu nzuri sana, World of Goo, bila kufuli lolote. Baada ya wiki chache walikadiria kwamba kati ya kila nakala 100 zinazochezwa, karibu 90 hazikulipiwa. Mtasema, unaona! Aliyeacha mlango wazi kaibiwa. Lakini wao wakaweka pembeni hesabu ya gemu nyingine, Ricochet Infinity, ambayo ilikuwa na kufuli. Walioitengeneza walikadiria 92. Kufuli halikuzuia wezi. Aliyechakachua alilivunja mara moja, akawagawia wote nakala isiyouliza chochote. Aliyebaki akiulizwa maswali ni yule aliyelipa. Kijana wa Kashai anacheza bila kusimamishwa. Mpwa wangu mwenye risiti ndiye aliyepanda kilima.

Sasa wazee wangu, tuingie kwenye kibanja kama nilivyoahidi.

Ninyi mnaikumbuka nyarubanja, au mlisimuliwa na baba zenu. Mtu analima, anapanda migomba, anatia samadi, anapanda kahawa, anazika wazazi wake humo. Lakini kibanja kina bwana wake. Mlimaji anapeleka ndizi, anapeleka pombe, anakwenda kutumika, na siku bwana akikasirika, mtu na mizigo yake wako barabarani. Alikuwa anaishi kwenye ardhi, haikuwa yake. Tulipopata uhuru tukasema jambo hili halifai, na sheria ya mwaka 1965 ikafungua njia ya wapangaji wa nyarubanja kuwa wenye ardhi waliyoilima.

Sasa soma mkataba wa duka la gemu, ile karatasi ndefu ambayo sote tunabonyeza "nakubali" bila kuisoma. Wa Steam unasema wazi: bidhaa hazikuuzwa kwako, umepewa leseni ya kuzitumia. Akaunti huwezi kuiuza wala kumhamishia mtu mwingine. Mwaka 2024 mteja mmoja alipouliza kama anaweza kuwaachia warithi wake kwa wosia, akajibiwa hapana. Mhaya aambiwe kwamba alichonunua hakirithiwi! Sisi ambao kibanja ni makaburi na ukoo!

Na bwana wa kibanja hiki anaweza kukifunga. Machi 2013 kampuni ya EA ilitoa SimCity, gemu ya kujenga miji, ikadai uwe kwenye intaneti muda wote. Siku ya kwanza seva zikazidiwa, na watu waliolipa bei kamili wakakaa siku kadhaa wanatazama foleni. Ilichukua mwaka mzima ndipo gemu ile ile ikawezeshwa kuchezwa bila mtandao. Ubisoft nao walitoa The Crew mwaka 2014, gemu ya magari inayokuzungusha Marekani yote. Mwaka 2016 waliigawa hata bure kwa muda. Tarehe 31 Machi 2024 wakazima seva. Aliyeinunua kwa bei ya juu, aliyeinunua kwenye ofa, aliyeipata bure, wote wakabaki na picha ya jalada. Jambo hilo ndilo lililomfanya Ross Scott, mtu wa video za YouTube, aanzishe kampeni ya Stop Killing Games, na mwezi Julai 2025 ombi lao kwa Umoja wa Ulaya likavuka sahihi milioni 1.

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya Wazungu. Hapana. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 tulijifunza hapa hapa Tanzania maana ya kitu chako kuzimwa kutoka mbali. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walizima simu feki. Mtu alilala na simu, akaamka na kioo cha kujitazamia. Sababu ilikuwepo, na matangazo yalirudiwa miezi mingi. Lakini tulionja: unaweza kushika kitu mkononi na mwingine akawa ndiye anayekiwasha.

Turudi kwenye punguzo, maana hapo ndipo ninapoona ujanja umelala.

Nenda soko la Bukoba saa kumi na mbili jioni. Sato wa asubuhi anashuka bei. Unajua kwa nini anashuka, muuzaji anajua, na nzi wanajua. Unanunua ukiwa umeelewa: huyu ni wa kupikwa leo. Bei ya chini imekueleza ukweli. Gemu nayo inashuka bei ikizeeka. Lakini gemu haiozi. Gemu ya miaka mingi iliyopita inawaka Kashai mpaka leo. Gemu ya leo inaoza kwa uamuzi: kuna mtu ofisini anaamua ni lini seva izimwe, ni lini leseni ya majina ya timu iishe, ni lini mashine za zamani ziachwe. Septemba 2023, EA walipoachana na jina la FIFA, waliziondoa kwenye maduka ya mtandaoni gemu za kuanzia FIFA 14 hadi FIFA 23. Waliokuwa wamezinunua waliachiwa, lakini dukani hazikuwepo tena, hata kwa bei ya juu.

Na mashine? Tarehe 1 Januari 2024 Steam iliacha kuhudumia Windows 7 na Windows 8. Kwa mtu wa Ulaya hiyo ni habari ya kupita. Kwa Muleba, mashine ya Windows 7 bado ndiyo ya kuandikia barua na kuchapia mitihani. Gemu zenyewe ziliandikwa kwa ajili ya Windows 7, zinacheza humo vizuri kabisa. Mlinzi wa mlangoni ndiye aliyehama. Waliokuwa na kompyuta za Apple waliyaona kabla yao: mfumo uliotoka Oktoba 2019 uliacha kufungua programu zote za mtindo wa zamani, na gemu nyingi zilizolipiwa zikalala siku moja.

Sasa unganisha. Nani anayengoja ofa? Ni yule asiye na dola 60. Huyo huyo ndiye mwenye laptopu ya mtumba. Huyo huyo ndiye anayepima bando kwa kijiko. Na gemu inamfikia mkononi ikiwa imeshazeeka, seva yake inakaribia kustaafu. Steam wameweka bei kwa randi kwa ajili ya Afrika Kusini. Sisi shilingi yetu haimo, tunaonyeshwa dola kama mtu wa New York. Kwa hiyo ofa ndiyo mlango wetu halali wa kuingilia, karibu mlango pekee. Na mlango huo ndio umewekewa kufuli linalomuumiza zaidi mtu wa hali yetu. Aliyeshiba mtandao halisikii.

Kuna msikilizaji atasema: wewe unataka makufuli yote yavunjwe, watengenezaji wafe njaa. Sitaki hivyo. Nataka kufuli lenye mwisho.

Mama yangu kule Nshamba alinunua sola kwa mtindo ule wa kulipa kidogo kidogo kwa simu. Mnaujua. Ndani ya lile boksi kuna kufuli. Unalipa, unatumiwa namba, unaziingiza, taa zinawaka. Usipolipa, giza. Mwanzoni nililichukia. Lakini siku mama alipomaliza deni alitumiwa namba za mwisho, akaziingiza, na boksi likafunguka moja kwa moja. Mpaka leo haliulizi kitu. Kampuni ile ikihama, ikifilisika, taa inawaka. Kufuli lile lilikuwa la kulinda deni, na deni lilipokwisha nalo likaondoka. La gemu limepinduliwa: linafungwa siku unapomaliza kulipa.

Na biashara isiyo na kufuli inawezekana, kuna watu wameula mkate wake. Nchini Poland, miaka ya tisini, diski za kunakili zilijaa sokoni kama za kwetu. Mwaka 1994 vijana wawili wa Warszawa, Marcin Iwiński na Michał Kiciński, wakaanzisha CD Projekt. Mwaka 1999 walipouza Baldur's Gate hawakuongeza kufuli. Waliitafsiri kwa Kipolandi, wakatafuta waigizaji maarufu wa kutia sauti, wakajaza boksi ramani na kitabu cha sheria za mchezo. Aliyekuwa na diski ya kunakili akaanza kulitamani boksi. Mwaka 2008 kampuni hiyo ikaanzisha duka la GOG, linalouza gemu bila kufuli: unaipakua, unaiweka kwenye eksitena, unaipeleka Nshamba, unaiweka kwenye mashine, kwisha. Gemu za zamani wanazitengeneza ziwake kwenye mashine mpya. Na The Witcher 3 ya kwao wenyewe iliuzwa GOG bila kufuli tangu siku ya kwanza mwaka 2015. Kufikia 2023 ilikuwa imeuzwa nakala zaidi ya milioni 50 kwenye mashine za kila aina.

Mfano wa pili ni wa Mei 2010. Watengenezaji wadogo waliweka gemu zao kwenye furushi moja wakaliita Humble Indie Bundle. Lipa unachotaka, hata senti. Hakuna kufuli. Inacheza Windows, inacheza Apple, inacheza Linux, ule mfumo wa bure ambao wakubwa walikuwa hawautazami. Na World of Goo, ile ile iliyoibwa, ilikuwemo. Zikakusanywa zaidi ya dola milioni 1. Waliotumia Linux, watu waliozoea kuachwa nje, walilipa kwa wastani karibu mara mbili ya wa Windows. Wezi hawakukosekana hata hapo. Kuna waliopakua bila kutoa hata senti moja. Lakini waliolipa walitosha, na hakuna hata mmoja wao aliyepandishwa kilima kuthibitisha kwamba si mwizi.

Basi tufanye nini sisi wa Kagera, ambao hatuna seva wala studio za kutisha?

La kwanza, tujifunze kuuliza kabla ya kubonyeza. Ukiona ofa, acha ile namba kubwa nyekundu ya asilimia. Tafuta maandishi madogo: inafunguka bila intaneti? Inataka akaunti ya pili ya kampuni nyingine? Inacheza kwenye mashine niliyonayo, au kwenye mashine ninayoiota? Inategemea seva, na seva hiyo ni ya nani? Majibu yakiwa mabaya, dola 3 hizo ni kodi ya nyumba, si bei ya nyumba. Kodi si dhambi. Wapangaji tupo. Lakini nijue kwamba napanga.

La pili ni la wenye mamlaka. Jimbo la California limepitisha sheria iliyoanza tarehe 1 Januari 2025: duka la mtandaoni lisitumie neno "nunua" kwa kitu ambacho ni leseni tu, bila kumwambia mteja hivyo waziwazi. Steam wakaanza kuandika onyo hilo kabla hata tarehe haijafika. Sisi tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji, na tuna Tume ya Ushindani. Mlaji wa gemu ni mlaji kama wa sukari. Akipimiwa pungufu, ana pa kulalamika.

La tatu ni lako wewe kijana uliyeuliza swali pale Kashai. Ukitengeneza gemu yako, na uitengeneze, uza kwa shilingi, lipisha kwa simu, iandike kwa Kiswahili, na hata Kihaya ukiweza. Weka kufuli la sola: mtu akimaliza kulipa, mwachie. Na wewe mwenye kibanda, siku gemu ya kijana huyu ikitoka, usiichome. Nitakuja kukagua mwenyewe.

Namalizia na Nshamba. Jumapili ile, baada ya kunipigia simu, mpwa wangu alirudi ndani akakaa. Bibi yake akamuuliza kama umeme umekatika. Akamwambia hapana, bibi, taa inawaka. Ni mchezo huu, tumeulipia lakini mwenyewe anataka kwanza kujua kama ni wangu. Mama yangu hajawahi kushika kompyuta. Baba yake alilima nyarubanja. Alitazama kile kioo, akatazama taa juu ya kichwa chake, akasema:

"Basi hajakuachia. Mwambie akutumie namba za mwisho."